Nani Alibeba Frasila 1,950?

Mwalimu wetu wa somo la uhakiki wa vyanzo vya historia aliingia darasani asubuhi moja ya mvua akiwa na bahasha ya kaki kwapani, akaiweka mezani, akasema kwamba muhula huo hatutasoma maelezo ya mwanahistoria yeyote kuhusu biashara ya pembe za ndovu na watumwa katika Kongo ya mashariki, kwa kuwa tutamsoma mfanyabiashara mwenyewe. Ndani ya bahasha mlikuwa na fotokopi ya *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe*. Ni tawasifu ya mtu ambaye kila aliyepita shule ya msingi hapa Bukavu amewahi kumsikia, kwa kawaida katika sentensi mbili tatu na picha moja ya mzee mwenye kilemba na ndevu nyeupe. Darasa zima lilikuwa na nakala hiyo moja tu, kwa hiyo tulichanga, tukaitoa nakala nyingine, na iliyonifikia mimi ilikuwa nakala ya nakala, herufi zimefifia upande wa kushoto na kurasa mbili hazimo kabisa.

Nakiri kwamba nilifurahi. Sisi tumezoea kusoma kwa Kifaransa na kuishi kwa Kiswahili. Vitabu, mitihani na hata mabishano ya darasani huenda kwa Kifaransa, kisha tukitoka mlangoni kila mtu hurudi kwenye lugha ya sokoni na nyumbani. Kitabu kizima cha historia katika Kiswahili kilikuwa kama likizo. Nilijipangia siku mbili za kukimaliza na siku moja ya kuandika ripoti ya kurasa sita tuliyoagizwa, na mimi nikabaki na Jumapili yangu.

Siku mbili zilipita nikiwa bado katika ukurasa wa tisa.

Kwanza kulikuwa na maneno. Mwandishi hasemi «nilikwenda», anasema «nalikwenda», na jicho langu likawa linajikwaa kila mstari kama mtu anayeshuka ngazi za mtaa wa Kadutu usiku. Miaka kumi na miwili kwake ni miaka thenashara. Bidhaa zake ni sandarusi, kaniki na merikani, nguo zake zinahesabiwa kwa doti na pembe zake zinapimwa kwa frasila. Kisha kulikuwa na maneno niliyoyajua na ambayo ndiyo yaliyonidanganya zaidi, kwa sababu neno usilolijua hukusimamisha, lakini neno unalodhani unalijua hukupitisha mlango usio wako. Kwetu Bukavu bibi ni mke wa mtu. Yule mzazi wa mama au wa baba tunamwita koko. Nilisoma nusu ukurasa nikiwa nimewaoza watu ambao hawakuwa wameoana hata kidogo. (Na kwa kuwa nimegusa jambo hili: ninapomwambia koko wangu kwamba ninaandika makala, yeye husikia makaa ya kupikia, na huniuliza nimeyauza bei gani.)

Ndipo nikambebea koko fotokopi hiyo. Anakaa Kadutu, upande wa Buholo, katika chumba chenye dirisha moja linalotazama mabati ya majirani, lakini alizaliwa Kasongo, huko Maniema, na akiwa mtoto alipitia chuo cha Kurani kabla ya ndoa kumleta huku kwenye milima. Thenashara aliijua mara moja, akacheka kwamba mimi mwenye miaka mitatu ya chuo kikuu siijui. Frasila alikuwa amelisikia kwa wazee. Sandarusi hakuijua, nikamweleza kama nilivyoelezwa darasani, kwamba ni utomvu mgumu wa mti ambao Wazungu waliununua pwani kwa kutengenezea vanishi. Tukakubaliana kwamba nitakuwa nikija jioni, nisome kwa sauti, yeye asikilize. Umeme ukikatika, kama ulivyokatika karibu kila jioni, nilisoma kwa taa ya simu.

Mwalimu alikuwa ametuonya tusianze na yaliyosemwa kabla ya kujua maneno yenyewe yalifikaje mikononi mwetu. Tippu Tip aliyaandika uzeeni, kwao Unguja, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliyahamishia kwenye herufi za Kilatini, akayatafsiri kwa Kijerumani, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Baadaye Mwingereza W. H. Whiteley akayatoa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwandishi mwenyewe alifariki mwaka 1905. Kwa hiyo alipokuwa akiandika, Unguja ilikuwa tayari chini ya ulinzi wa Waingereza, hali ya kisheria ya utumwa ilikuwa imekwisha kufutwa huko tangu mwaka 1897, na msomaji aliyekuwa akimngojea alikuwa Mzungu. Mzee huyo alijua vizuri kabisa ni nini kinachopendeza sikioni mwa mgeni na ni nini cha kupitia haraka.

Na kupita haraka alikuweza. Hakianzi na kuzaliwa kitabu hiki, wala na mama, wala na nyumba waliyoishi. Kinaanza na mvulana wa miaka thenashara anayeshika biashara ya sandarusi katika safari za karibu, na baada ya hapo hakuna kituo. Baba yumo, kwa sababu baba alikuwa mfanyabiashara na alimchukua kijana huyo bara, hadi Tabora. Kwa siku kadhaa nilishindwa kueleza ni nini hasa kinachonisumbua katika mwendo wa masimulizi hayo, mpaka koko akasema ninasoma kama mtu anayefukuzwa. Nikatazama tena, nikaona si mimi. Ni ile «ka» ya masimulizi. Nikaenda, nikafika, nikanunua, wakakataa, nikapigana nao, nikashinda, nikapima, nikaondoka. Sarufi yetu inatupa silabi hiyo moja ya kuunganisha tendo na tendo, na kila tendo likivaa «ka» linakuwa na uzito sawa na jirani yake: kijiji kuchomwa moto na mzigo kufungwa kamba hupita kwa mwendo ule ule, mlango ule ule. Sijui kama katika Kifaransa ningeliona jambo hilo. Katika Kiswahili nililisikia kinywani mwangu mwenyewe, kwa sababu ndivyo ninavyosimulia hata mimi nikitoka sokoni.

Jioni ya Nsama ndiyo iliyogeuza kila kitu. Nsama alikuwa mtawala mwenye nguvu wa Watabwa, kusini-magharibi mwa ziwa Tanganyika, ambaye wafanyabiashara wa pwani walimwogopa. Mwaka 1867 Tippu Tip aliingia kwake, vita vikatokea, na bunduki zikashinda mishale. Ni mwaka ule ule ambao Livingstone, msafiri Mzungu aliyekuwa akipita nchi hizo, alikutana na kijana huyo mshindi. Hata jina lake, kwa maelezo yake mwenyewe, linahusu bunduki: watu walimwita kwa mlio wake, tip tip. (Wengine wanasema lilitokana na macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Yeye alichagua bunduki.) Nilipofika kwenye hesabu ya mali iliyopatikana katika boma la Nsama nilisoma kwa sauti, tena kwa fahari kidogo, kama msomaji wa matokeo ya mpira redioni: pembe frasila 1,950, shaba frasila 700, na chumvi nyingi.

Koko aliacha kuchambua sombe. Alikuwa na rundo la majani ya muhogo mapajani na kisu kidogo mkononi, na kisu kikasimama hewani.

«Ile yote,» akasema, «banani balibeba?»

Nilirudi nyuma ukurasa mmoja, nikaenda mbele miwili. Nilisema pengine iko kwenye kurasa zinazokosekana. Haikuwa huko, rafiki mwenye nakala kamili alinithibitishia kesho yake. Pembe zimeandikwa kwa uzani. Wakubwa wa nchi wana majina, ndugu wa mwandishi wana majina, wadeni wake wana majina, lakini vichwa na mabega yaliyopokea mali hiyo hayana.

Basi tukafanya hesabu, mimi na koko, nyuma ya ukurasa wa fotokopi. Frasila moja ni kilo 16 kwa kukadiria. Mara 1,950, hiyo ni zaidi ya tani 30 za pembe peke yake. Mpagazi wa misafara ile alibeba mzigo wa frasila mbili au karibu yake, yaani kilo 32 hivi, bila kuhesabu chakula chake, mkeka wake na sufuria. Gawanya kwa mbili. Watu 975. Shaba inaongeza 350. Chumvi hatukuihesabu, wala watu wa kubeba chakula cha watu hao. Koko, ambaye hajawahi kuandika hesabu katika maisha yake lakini aliuza mawese sokoni kwa miaka mingi, alikuwa ameshalipata jibu kabla ya penseli yangu, akaniomba nirudie kugawa kwa ajili ya uhakika tu.

Asubuhi yake nilipanda kutoka ziwani kwenda chuo kwa miguu. Anayeijua Bukavu anajua kwamba mji huu ni mteremko, na kwamba mizigo inayoshushwa kutoka kwenye mitumbwi na mashua hupandishwa kwa migongo ya wanawake. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa umri wa mama yangu, mfuko wa makaa umelala mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, mwili umeinama kiasi kwamba alichoweza kukiona ni visigino vya aliyemtangulia. Ngozi ya paji lake ilikuwa na mfuo pale kamba inapokaa. Nimewapita akina mama hao tangu utoto, nikiwaambia «pole, mama» bila kusubiri jibu. Siku hiyo nilipunguza mwendo, nikajikuta nikifanya hesabu: mfuko ule ulizidi frasila mbili, bila shaka yoyote. Sisemi kwamba mambo haya mawili ni kitu kimoja. Yule mama anajadili bei yake, na jioni anarudi kwake. Ninachosema ni kwamba tangu hapo sikuweza kusoma neno pembe bila kuona paji la uso.

Kuna mahali pamoja ambapo wapagazi wanaonekana, nao wanaonekana kwa sababu walikataa kubeba. Katika safari mojawapo, akiwa ndiyo kwanza anatoka pwani, wapagazi wake Wazaramo walitoroka usiku. Akarudi vijijini kwao, akakamata wazee na jamaa zao, akawapata, akawafunga minyororo, safari ikaendelea. Analisimulia kama mimi ningesimulia kuhusu gari lililoharibika njiani: tatizo, ufumbuzi, twende. Koko aliniambia nisome tena sehemu hiyo, lakini polepole. Niliisoma mara tatu.

Ningekuwa mwongo kama ningeacha kusema kwamba kitabu hiki kinachekesha. Mwandishi ni msimuliaji hodari, na ujanja wake kwa Kasongo Rushie, mtawala mzee wa Utetela, ni kisa ambacho darasa letu zima lilikicheka. Tippu Tip alikuwa amesikia kwamba zamani ndugu wa kike wa ukoo huo walichukuliwa mateka na kupotelea mbali. Naye akajitengenezea nasaba, akasema bibi yake mzaa ndiye mmoja wa hao waliopotea, kwamba yeye basi ni mjukuu aliyerudi nyumbani. Mzee akaamini, akafurahi, akamwachia utawala. Mwandishi halifichi hilo. Analieleza kwa raha ya mtu aliyeshinda mchezo wa bao. Tulicheka sana, mimi nikiwa wa kwanza, mpaka mwenzetu mmoja ambaye baba yake anatoka Sankuru, kwa Watetela, mtu mpole asiyesema mara mbili kwa mwezi, akatamka bila kuinua kichwa: «Huyo mzee aliyedanganywa ni wa kwetu.» Kicheko hakikukatika papo hapo, kiliendelea sekunde mbili tatu za aibu, kama feni inayozunguka baada ya kuzimwa.

Sitaki kumtwika yasiyo yake. Mauaji ya soko la Nyangwe, kwenye ukingo wa mto Lualaba, ambako Livingstone aliona wanawake waliokuja kuuza samaki na vyungu wakipigwa risasi tarehe 15 Julai 1871, yalifanywa na watu wa wafanyabiashara wengine, kabla yeye hajafika huko. Wala sikutegemea kwamba kitabu kingevuruga upande wa pili wa yale niliyofundishwa utotoni. Shuleni tuliambiwa kwa ufupi kwamba Waarabu walileta utumwa na Wabelgiji wakaja kuukomesha, na ushahidi ni vita vya 1892 hadi 1894 vilivyoangusha Nyangwe na Kasongo, ambamo Sefu, mtoto wa Tippu Tip, alikufa. Hatukuambiwa kwamba miaka mitano kabla ya vita hivyo, mwaka 1887, mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa amemwajiri Tippu Tip huyo huyo kuwa liwali wake huko Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani, kwa mshahara wa kila mwezi. Akasafiri na Stanley, msafiri mwingine wa Kizungu, kwa meli kutoka Unguja, akazunguka ncha ya kusini ya Afrika, akaingia Kongo kwa mlango wa magharibi kama mtumishi wa serikali. Stanley naye alikuwa mteja wake wa zamani. Mwaka 1876 alimlipa ili amsindikize kutoka Nyangwe kwa kufuata mto, na mwandishi wetu analalamika kwamba aliahidiwa mengi kuliko aliyopewa. Katika kurasa hizo nilimhurumia. Naliandika hili kwa makusudi: nilimhurumia, kwa sababu alikuwa akidhulumiwa kwa Kiswahili.

Nadhani hapo ndipo ulipokuwa ugumu wa kitabu, na ilinichukua ripoti mbili kuuona. Ya kwanza niliiandika kwa usiku mmoja, kurasa sita kamili, kwa mkono, nikaipeleka kwa mwalimu kabla ya tarehe kwa kuwa yeye hukubali kusoma rasimu. Akanirudishia bila alama. Katika ukurasa wa pili, nilipofupisha vita vya Nsama, nilikuwa nimeandika: «Tukamshinda, tukapata pembe frasila 1,950.» Alizungushia «tu» zote mbili duara la wino mwekundu, na pembeni akaandika maneno mawili tu: «Sisi nani?»

Nilijitetea kwamba ni makosa ya kunakili, kwamba mwandishi anasimulia kwa «ni» na «tu» na mkono wangu ulifuata. Mwalimu akasema anajua. Akasema pia kwamba katika madaftari yote aliyokwisha kuyasoma wiki hiyo, aliyekuwa ameandika «wakamshinda» tangu mwanzo alikuwa yule mwenzetu wa Sankuru peke yake.

Nilimpelekea koko jambo hilo nikidhani ataona ni upuuzi wa shule. Badala yake alianza kuhadithia habari za babu yake, aliyekuwa mwungwana, mmoja wa watu wa misafara waliokaa Kasongo, waliovaa kanzu, waliolima mpunga ulioletwa Maniema na misafara hiyo hiyo, waliosema Kiswahili ambacho Wabelgiji walikuja kukiita Kingwana kwa jina lao. Katika kusimulia, koko alisema «siye tulikuya na Waarabu». Akameza mate, akaendelea, na sentensi mbili baadaye akasema «balituchukua ng'ambo ya Lualaba». Nikamsimamisha. Nikamwuliza: mlikuja, au mlichukuliwa? Babu yako alishika bunduki au alifungwa kamba? Alinitazama kwa muda. Akasema alichosikia kwa mama yake ni yote mawili, kwamba wapo waliochukuliwa wakiwa watoto, wakakua, wakapewa bunduki, wakatumwa kuchukua wengine, na kwamba babu yake hakupenda kuulizwa. Kisha akaniambia nisogeze taa, sombe haijaisha.

Ripoti ya pili nilipata nayo alama 14 kwa 20. Katika ukurasa wa pili iliandikwa «wakamshinda». Katika ukurasa wa nne, pale nilipoweka hesabu yetu ya watu 975, niliandika kwa penseli «walibeba», nikaifuta, nikaandika «tulibeba», nikaifuta nayo, nikairudisha ya kwanza na kuipitishia kalamu ya wino. Karatasi pale imekwaruzika hadi inaonyesha upande wa pili. Mwalimu hakuzungushia kitu, ila koko, ambaye hasomi, alipoishika karatasi hiyo karibu na dirisha aliona tundu na kuniuliza ni panya gani amekula daftari langu.